Louis Pasteur: Kutoka siri ya kizibo cha chupa hadi chanjo iliyofika Pemba

KATIKA nyumba nyingi za Kisiwa cha Pemba, kuanzia Micheweni hadi Mkoani, haikosekani chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Huwekwa akiba kwa ajili ya jino linalouma, kifua kilichobana au kiungo kilichoteguka.

Mwenye chupa hiyo hana haja ya kusomeshwa kemia. Anajua kwamba mafuta yakijazwa hadi shingoni na kizibo kikakazwa barabara, hukaa muda mrefu yakiwa na rangi yake ya manjano hafifu. Anajua pia kwamba chupa ikibaki nusu, na kizibo kikalegea, mafuta yale yale hugeuka kahawia na kuwa mazito.

Kinachofanya kazi ndani ya chupa hiyo ni hewa. Mafuta hayabadiliki kwa sababu ya umri peke yake, bali kwa sababu ya kiasi cha hewa kilichoyafikia katika umri huo.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini katika karne ya 19 lilimshughulisha mmoja wa wanasayansi wakubwa kuliko wote waliopata kuishi. Huyo ni Louis Pasteur wa Ufaransa, ambaye wengi wanamkumbuka kwa maziwa yaliyochemshwa na kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kufika kwenye chanjo alipitia kwenye chupa za mvinyo, na kwamba swali aliloliuliza huko ndilo wanaloulizana hadi leo watengenezaji wa vizibo duniani.

Wengi wa wakazi wa Pemba ni Waislamu na hawagusi mvinyo. Hata hivyo, habari ya mtu huyu inawahusu, kwani mwisho wa safari yake umefika hadi kwenye mitaa na vijiji vya kisiwa chao.

Mtoto wa mtengeneza ngozi

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa, katika eneo la Jura. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa zamani wa jeshi la Napoleon aliyerudi kwenye kazi ya ukoo wake, kutengeneza ngozi.

Familia ilihamia Arbois, mji uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Hapo ndipo kijana Louis alipokulia, na hapo ndipo alipopaita nyumbani hadi mwisho wa maisha yake. Kama mtoto wa Pemba anavyokua akiijua harufu ya karafuu inayoanikwa kwenye majamvi, ndivyo yeye alivyokua akiijua harufu ya zabibu zilizokamuliwa zikichacha ndani ya mapipa.

Shuleni hakuanza kwa kung'ara, ila alikuwa na kipaji cha kuchora. Baadaye alijiunga na chuo mashuhuri cha École normale supérieure cha Paris, akajitosa katika kemia.

Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa, wa mwaka 1848, ulitokana na fuwele za asidi inayopatikana katika masalia ya mapipa ya mvinyo. Akiwa na miaka 25 tu, alizitenga fuwele hizo moja moja kwa mkono chini ya hadubini, akaonyesha kwamba zipo za aina mbili zinazofanana kama mkono wa kulia unavyofanana na wa kushoto. Jina lake likaanza kusikika.

Mwaka 1849 alimuoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa chuo cha Strasbourg. Mama huyu alikuwa mke, katibu na msaidizi wake. Usiku, watoto wakishalala, yeye ndiye aliyeandika maelezo ya majaribio ambayo mumewe alimsomea.

Hewa na vumbi

Mwaka 1854 Pasteur alipelekwa Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa Ufaransa, kuwa mkuu wa kitivo kipya cha sayansi. Miaka miwili baadaye mwenye kiwanda kimoja cha kutengeneza pombe kutokana na viazisukari alimjia na malalamiko kwamba mapipa yake yanachachuka na kuharibika bila sababu.

Kemia wengi wa wakati huo waliamini kwamba kuchacha ni kuoza tu kwa vitu visivyo na uhai. Pasteur aliangalia kwa hadubini akaona vinginevyo. Hamira iliyo hai ndiyo iliyoigeuza sukari kuwa kileo, na palipoharibika palikuwa na vijidudu vya aina nyingine.

Anayejua tembo la mnazi hatapata shida kumuelewa. Tembo lililogemwa alfajiri ni tamu. Jioni limekwisha kuwa kali. Likiachwa wazi siku kadhaa linakuwa siki. Hatua ile ya mwisho inafanywa na bakteria wanaohitaji hewa, na Pasteur aliandika kitabu kizima kuhusu siki kilichotoka mwaka 1868.

Swali lililofuata lilikuwa zito zaidi. Je, vijidudu hivyo vinazuka vyenyewe ndani ya kimiminika, au vinaingia kutoka nje? Wakubwa wa sayansi walikuwa wamegawanyika.

Pasteur alijibu kwa chupa. Alitengeneza chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata maji. Hewa iliweza kupita, lakini vumbi liliangukia kwenye mapindo ya shingo. Mchuzi uliochemshwa ndani yake ulikaa bila kuharibika, ijapokuwa haukuwa umezibwa. Shingo ilipovunjwa, ukaoza.

Mwaka 1860 alibeba chupa zilizofungwa hadi milimani. Katika 20 alizozifungua na kuziba tena mashambani karibu na Arbois, nane ziliharibika. Katika 20 alizozifungua kwenye barafu ya Mer de Glace, penye hewa safi, iliharibika moja tu. Hewa ni moja, lakini kinachobebwa ndani yake si kimoja.

Mfalme aomba msaada

Wakati huo Ufaransa ilikuwa na tatizo la biashara. Mkataba wa mwaka 1860 na Uingereza ulikuwa umefungua soko la mvinyo, lakini shehena nyingi zilifika zikiwa zimechachuka, zimekuwa chungu au zinavutika kama ute. Mwaka 1863 Mfalme Napoleon III alimtaka Pasteur achunguze maradhi hayo.

Alirudi Arbois. Akiwa na wanafunzi wake alifungua maabara ya muda katika mji ule alikokulia, akakusanya chupa kutoka kwenye maghala ya rafiki zake wa utotoni. Kwa kila ugonjwa wa mvinyo alimtafuta kijidudu wake, na mara nyingi alimpata.

Tiba aliyoipendekeza ilikuwa kuupasha mvinyo moto wa nyuzi kati ya 50 na 60 hivi, ndani ya chupa iliyozibwa, ili vijidudu vife bila kuharibu ladha. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1865, kisha akaiachia umma itumie bila malipo. Njia hiyo ndiyo inayobeba jina lake hadi leo, ingawa imepata umaarufu zaidi kwenye maziwa na bia kuliko kwenye mvinyo.

Lakini ndani ya uchunguzi huo kulikuwa na jambo la pili, ambalo halikupigiwa kelele sana na ndilo linalotuhusu hapa.

Pasteur alichukua mirija ya kioo. Mingine aliijaza mvinyo hadi juu na kuiziba kwa moto, isibaki hewa hata chembe. Mingine aliijaza nusu, nusu nyingine akaiachia hewa, kisha akaiziba vivyo hivyo. Akaiweka yote na kusubiri.

Mvinyo uliokuwa kwenye mirija iliyojaa haukuzeeka. Ulibaki vile vile, na ukali wake wa ujana. Ule uliopata hewa ulibadilika katika wiki chache: mwekundu ulipauka na kuacha machicha chini, mweupe ukaelekea kahawia, na ladha yake ikafanana na ya mvinyo wa miaka mingi. Mwanga uliharakisha zaidi.

Mwaka 1866 alitoa matokeo hayo katika kitabu chake cha uchunguzi wa mvinyo. Hitimisho lake lilikuwa kwamba oksijeni ndiyo inayoukomaza mvinyo. Ikija kwa ghafla na kwa wingi, inauua. Ikipenya polepole kupitia mbao za pipa na baadaye kwenye kizibo, inaulainisha.

Wengine walimpinga. Mkemia Marcellin Berthelot alishikilia kwamba oksijeni ni adui anayeua harufu ya mvinyo. Wataalamu wa karne ya 20 waliligawa suala hilo: ndani ya pipa hewa ina kazi kubwa, ndani ya chupa inatakiwa ndogo mno. Mabishano yakahamia kwenye neno hilo dogo, kiasi gani.

Msiba juu ya kazi

Wasomaji wa leo wanaweza kudhani kwamba mtu huyu alikaa maabara bila kujua uchungu wa dunia. Haikuwa hivyo.

Yeye na Marie walipata watoto watano. Septemba 1859 binti yao mkubwa, Jeanne, alifariki kwa homa ya matumbo huko Arbois. Alikuwa na miaka tisa. Mwaka 1865, mwaka ule ule wa hati ya mvinyo, wakampoteza Camille aliyekuwa na miaka miwili, na pia baba yake Pasteur akafariki. Mwaka 1866, mwaka kilipotoka kitabu, akaondoka Cécile mwenye miaka 12, naye kwa homa ya matumbo.

Aliyekwisha kuthibitisha kwamba mvinyo unaugua kwa sababu ya vijidudu vilivyoingia kutoka nje, hakuweza kukwepa kujiuliza kama na binadamu huugua hivyo hivyo. Homa ya matumbo iliyowachukua wanawe wawili ni ugonjwa wa bakteria, ingawa wakati huo bakteria huyo alikuwa bado hajatambuliwa.

Oktoba 1868, akiwa na miaka 45, alipatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kushoto. Tangu hapo alitembea kwa kuchechemea, na kazi nyingi za mkono zilifanywa na wasaidizi wake chini ya macho yake. Kazi zilizompa sifa kubwa kuliko zote alizifanya baada ya hapo.

Kizibo chageuka chanjo

Mwaka 1872, kimbunga kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza katika zao hilo, Pasteur alikuwa akishughulika na bia. Miaka michache baadaye aligeukia maradhi ya wanyama.

Kati ya mwaka 1879 na 1880 alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku. Vijidudu vilivyokuzwa maabara na kukaa muda mrefu vilidungwa kwa kuku, nao hawakufa. Kuku hao walipodungwa vijidudu vipya vikali, wakasalimika. Vijidudu vile vilikuwa vimepungua ukali.

Kwa nini? Pasteur alirudi kwenye jaribio lake la mvinyo. Vijidudu vilivyofungiwa kwenye mirija iliyozibwa bila hewa vilibaki na ukali wao. Vilivyoachiwa hewa vilidhoofika kadiri siku zilivyopita. Kwa maoni yake, oksijeni ile ile iliyoulainisha mvinyo ndiyo iliyovilainisha vijidudu hivyo.

Kichaa cha mbwa kilifuata. Pamoja na msaidizi wake Émile Roux, alining'iniza uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa ugonjwa huo ndani ya chupa yenye dawa ya kufyonza unyevu, ambamo hewa kavu ilipita bila vumbi. Uti uliokaa siku moja ulikuwa na sumu kali. Uliokaa wiki mbili haukudhuru. Chupa haikuwa wazi wala haikuwa imezibwa kabisa, na siku zilihesabiwa moja moja.

Julai 6, 1885, mama mmoja kutoka Alsace alimfikisha Paris mwanawe, Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya na mbwa siku mbili kabla. Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa, umri ule ule aliofia Jeanne.

Pasteur hakuwa daktari wa tiba, na sindano zilitolewa na daktari mwingine akiwa amesimama pembeni. Zilitolewa 13 katika siku kumi na kitu, kuanzia uti uliokauka zaidi hadi ulio mpya. Joseph hakuugua. Habari zikaenea, watu wakamiminika Paris, na mwaka 1888 kwa michango ya umma ikafunguliwa Taasisi ya Pasteur.

Haki inataka na upande wa pili usemwe. Daftari zake za maabara, zilizobaki mikononi mwa familia hadi miaka ya 1960, zilipochunguzwa na wanahistoria zilionyesha kwamba hakuwa mkweli wakati wote. Katika jaribio mashuhuri la chanjo ya kimeta la mwaka 1881, aliwaacha watu waamini kwamba alitumia njia yake ya oksijeni, kumbe alitumia ya kemikali iliyobuniwa na msaidizi wake Charles Chamberland. Chanjo ilifanya kazi, lakini sifa haikugawanywa kwa haki.

Alifariki Septemba 28, 1895, karibu na Paris, akiwa na miaka 72. Serikali ilimpa mazishi ya heshima, na mwili wake umelazwa katika taasisi yake. Karibu na Arbois alikuwa ameacha shamba dogo la mizabibu alilolinunua mwaka 1874.

Vizibo vipya, swali la zamani

Katika maisha yote ya Pasteur, chupa ya mvinyo ilikuwa na kizibo kimoja cha kutegemewa: gome la aina ya mwaloni unaostawi pande za Mediterania, hasa Ureno na Hispania. Gome hilo huvuliwa kila baada ya miaka tisa hivi bila kuua mti, na limejaa vijumba vidogo vya hewa. Mwingereza Robert Hooke aliviona kwa hadubini na kuviandika mwaka 1665.

Kwa kuwa ni kitu cha asili, hakuna vizibo viwili vya gome vinavyofanana. Kimoja hupitisha hewa kidogo sana, cha pili zaidi, na chupa mbili za pipa moja zinaweza kuzeeka kwa njia mbili tofauti. Isitoshe, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wa Uswisi waliitambua kemikali inayotokea kwenye baadhi ya magome na kuupa mvinyo harufu ya gazeti lililolowa. Chembe chache katika trilioni zinatosha kuharibu chupa nzima.

Hapo ndipo vizibo mbadala vilipopata nafasi. Kuna vya plastiki, vya chembe za gome zilizosafishwa na kugandishwa, na vifuniko vya alumini vya kuzungusha vinavyofanana na vya chupa za dawa. Australia ilivijaribu vifuniko vya kuzungusha katika miaka ya 1970. Mvinyo ulikaa vizuri, lakini wanunuzi waliviona vya bei rahisi na vikaachwa. Mwaka 2000 wazalishaji wa bonde la Clare huko huko Australia walivirejesha, na mwaka 2001 wenzao wa New Zealand wakafuata.

Jaribio linalotajwa zaidi lilifanywa na Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia. Mwaka 1999 mvinyo mweupe wa aina moja ulitiwa kwenye chupa zilizofungwa kwa vizibo vya aina 14. Baada ya miaka kadhaa chupa hizo zilipopangwa pamoja, rangi zilianzia manjano hafifu hadi kahawia, ingawa mvinyo ulikuwa mmoja.

Vizibo vya plastiki vya wakati huo vilipitisha hewa nyingi, na mvinyo wake ukachoka mapema. Vya gome vilitofautiana. Vifuniko vya kuzungusha vilihifadhi upya kuliko vyote, lakini vilileta kasoro nyingine, kwani baadhi ya chupa zilitoa harufu ya mpira au ya kiberiti kwa sababu ya kukosa hewa kupita kiasi.

Ni mirija ya Pasteur imerudi. Iliyojaa na kuzibwa kabisa haizeeki inavyopasa, na yenye hewa nyingi inazeeka na kufa. Kilichobadilika ni kwamba leo watengenezaji wanaweza kuchagua utando wa ndani wa kifuniko kulingana na kiasi cha oksijeni wanachotaka kipite kwa mwaka. Kwa mvinyo mweupe, ushahidi wa kuzeeka vizuri chini ya kifuniko cha kuzungusha ni wa miongo kadhaa. Kwa mwekundu wa kuwekwa miaka 30 au 40, majaribio ya kutosha bado ni machache na mjadala unaendelea.

Wakulima wa Dodoma, wanaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, nao wako ndani ya mjadala huu, kwani chupa isafirishwayo kwenye joto letu haina msamaha kwa kizibo kibovu. Hali kadhalika kiwanda cha makonyo cha Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, ambacho mafuta yake ya karafuu yanataka chombo kilichojaa, chenye giza na kufungwa barabara. Anayeyauza lazima achague na aina ya kifuniko pia, kwani mafuta hayo hula baadhi ya plastiki.

Somo lililofika kisiwani

Lakini kwa Pemba, urithi mkubwa wa Pasteur haukuja kwa chupa ya mvinyo wala ya mafuta. Ulikuja kwa sindano.

Kichaa cha mbwa kiliwasumbua wananchi wa kisiwa hicho kwa miaka. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima kila mwaka zilianzishwa, na chanjo kwa walioumwa ikapatikana. Chanjo za leo hazitengenezwi kwa kukausha uti wa sungura, lakini wazo ni lile lile la mwaka 1885. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofuatilia ugonjwa huo Pemba kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, ulibaini koo tano za virusi zilizokuwa zikizunguka kisiwani. Ilipofika Mei 2014, zote zilikuwa zimetoweka.

Kisha uchanjaji ukalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili, na ugonjwa ukarudi mitaani. Ilibidi kampeni za kisiwa kizima zirejeshwe, na mlipuko huo ukazimwa Oktoba 2018.

Kisiwa kina bahari pande zote, na mtu anaweza kudhani kwamba hicho ni kizibo tosha. Miaka ile miwili ilionyesha kwamba sivyo. Mbwa mmoja ndani ya chombo kimoja anatosha kuwa ule ufa mdogo kwenye shingo ya chupa.

Pasteur alitumia miaka 40 kuthibitisha kwamba kinachoharibu vitu, na kinachoua watu, mara nyingi huingia kutoka nje kupitia mwanya ambao hakuna aliyeuangalia. Alizika mabinti watatu kabla ya kumuokoa mtoto wa mwenzake. Anayekaza kizibo cha mafuta yake ya karafuu leo huko Wete au Chake Chake anafuata somo la kwanza la mzee huyo. Anayemtoa mbwa wake kwenda kuchanjwa kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna aliyeng'atwa, anafuata la pili.